Mwaka Mzuri kwa Barafu

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa moja: kila siku saa tatu asubuhi nilifungua kipimamvua cha Serikali kule Wawi, Pemba, nikamimina maji kwenye bilauri yenye alama, nikaandika daftarini milimita ngapi. Siku isiyo na mvua niliandika sifuri, na sifuri nayo ilitakiwa iandikwe vizuri.

Mama alikuwa na kipimo chake. Alihesabu miongo, siku kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku tunayokoga mwaka baharini. Kwa hesabu hiyo alijua lini apande mpunga na lini achume karafuu. Karafuu ikishachumwa haina subira: ikikosa jua siku chache huvunda, ikawa mpeta, na mpeta hauna mnunuzi.

Mwaka ninaousema, mikarafuu ya ekari tatu alizopewa marehemu baba baada ya Mapinduzi ilizaa mpaka matawi yakainama. Haizai hivyo kila mwaka. Mama alikwisha tia nia kwamba mazao yale ni ya Hija. Nguo nyeupe za safari zilikuwa zimeshashonwa, zimo sandukuni.

Alitaka kuchuma shamba zima kwa mkupuo mmoja. Jioni akaniuliza, "Mwanangu, hesabu yangu yasema mwongo huu vuli yapumua, jua latoka. Hilo daftari lako lasemaje?"

Nikapekua kurasa za miaka tisa. Kila mwaka, siku zile zile, sifuri zilifuatana.

"Lasema kama wewe, mama."

Akacheka. "Sasa Serikali yakulipa kwa lipi, na mimi nahesabu bure?"

Wachumaji wakapanda. Tukachambua, tukaanika kwenye majamvi kutoka uani hadi kando ya barabara. Siku ya pili mvua ikaja, na wiki tatu haikuondoka. Tulianika, tukaanua, tukaanika tena, mpaka majamvi yenyewe yakaota ukungu. Jirani alipita na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Bi mkubwa, waanika karafuu au waroweka mpunga?"

"Naroweka ulimi wako, upate kulainika," mama akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Mimi sikuweza. Asubuhi ile, kule Wawi, bilauri ilijaa kabla maji hayajaisha, nikalazimika kuimwaga na kupima mara ya pili.

Kituo cha kununulia karafuu kilikataa gunia la kwanza. Karani alichota ukufi mmoja, akanusa, akazimwaga chini. "Mama, hizi zirudishe shamba, ziwe mbolea." Hatukupeleka la pili.

Mama alifariki kabla mikarafuu haijarudia kuzaa vile. Hakuwahi kunilaumu. Alisema ni kudra, akaacha hapo. Nilitamani anilaumu.

Nilikuwa nimekaribia kustaafu alipofika mtaalamu mmoja kutoka bara, kijana mwenye adabu, akitafuta madaftari ya zamani. Alikuwa akichunguza barafu ya kilele cha Kilimanjaro. Nikamuuliza mvua ya Pemba inamhusu nini.

"Bahari ya upande wetu ikipata joto kupita kawaida, mzee wangu, mawingu mazito huja huku. Kwenu huwa mvua, kule juu huwa theluji. Theluji mpya ni nyeupe, hulirudisha jua, na barafu iliyo chini yake hupumzika. Bahari ikipoa, vuli hukosekana. Barafu hubaki chafu, jua likaila."

Akapekua, kisha kidole kikasimama kwenye ukurasa wa zile wiki tatu. Uso ukamchangamka.

"Huu ulikuwa mwaka mzuri!"

"Kwa nani?"

"Kwa barafu."

Nikamuuliza kama hiyo barafu bado ipo.

"Vipande vipande tu, mzee. Mwaka mmoja mzuri hautoshi. Mibaya imekuwa mingi."

Basi hata theluji iliyokula Hija ya mama haikukaa.

Akatoa kamera apige picha ukurasa, akasita. Pembeni mwa tarakimu, kwa penseli, palikuwa na maneno ya mkono wangu: *Karafuu za mama zimeoza.*

"Hii nayo ni kipimo?" akauliza.

"Hapana."

"Basi naomba tuifunike, isije ikanichanganya."

Nikachukua rula mezani, nikailaza juu ya maneno yale, nikaishikilia kwa kidole mpaka akamaliza kupiga picha.