Mkwe Wangu Chini ya Lori la Umeme

Siku yangu ya kwanza kazini niliuawa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti kwenye bahasha, msichana pekee kati ya watu sita walioandikwa siku hiyo katika karakana moja ya malori, upande wa viwandani Nakuru. Fundi mkuu alikuwa Kalasinga mnene, mtu wa maneno machache. Alitusimamisha mbele ya lori lililoinuliwa kwa jeki ya chupa, ile jeki fupi ya mafuta unayoipampu kwa chuma, akauliza, "Nani ataingia chini aniambie kama kuna mahali oili inavuja?"

Kwa kimbelembele changu nikapiga magoti niingie. Akanikamata ukosi wa ovaroli, akanivuta nyuma, akasukuma debe tupu pale ambapo kichwa changu kingekuwa, kisha akafungua vali ya jeki. Lori likashuka. Debe likawa bapa.

"Wewe umekufa," akaniambia. "Enda kunywa chai, ukirudi tuanze kazi."

Ile chai sikuinywa. Lakini tangu siku hiyo nilielewa ninyi vijana mnachopaswa kuelewa kabla hamjagusa spana: jeki kazi yake ni kuinua tu. Inayobeba ni stendi, yaani kile kigoda cha chuma cha miguu minne kinachowekwa chini ya gari likishainuka. Mtu anayelala chini ya jeki bila stendi ameweka maisha yake juu ya kipete kimoja cha mpira ndani ya jeki, na kipete hicho hakiagi kikichoka.

Fundi mkuu alikuwa na utaratibu wake na hakuna aliyethubutu kuuruka. Kwanza ardhi. Udongo wetu wa huku bondeni ni majivu ya volkeno, unaonekana mgumu lakini jeki huzama ndani yake kama kijiko kwenye uji, kwa hiyo tuliweka kipande cha taruma la reli chini. Pili, magurudumu yanayobaki ardhini yanazuiwa mbele na nyuma. Tatu, jeki inakaa chini ya ekseli, lile boriti la chuma linalounganisha magurudumu mawili. Nne, stendi. Na kabla hujaingia, unalisukuma gari kwa bega kwa nguvu zako zote. Kama lina nia ya kuanguka, lianguke ukiwa nje.

Kitu kimoja alikipiga marufuku kabisa: jiwe la kujengea. Mawe yetu ya machimboni ni laini, fundi mawe huyachonga kwa shoka dogo huku anaimba. Ukutani linakaa kwa sababu limeshikwa kila upande na uzito umelala juu yake lote. Liweke chini ya chuma kimoja cha gari, linapasuka ghafla. Ukikutwa umelitumia, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baada ya miaka minane nikahamia Gilgil, yadi ya malori ya masafa marefu. Msimamizi wa yadi alikuwa askari mstaafu mwenye sauti ya kuita watu wa kilima cha pili. Wiki ya kwanza nilimwona fundi mmoja, mzee kuliko baba yangu, amelala chini ya trela isiyo na stendi. Nikaona aibu kumsahihisha mzee. Nikaenda taratibu ofisini, nikainama, nikanong'ona.

Msimamizi alitoka mbio akapiga kelele hadi mzee akatoka kwa magoti. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, hapa hakuna kunong'ona. Ukiona mtu anakaribia kufa, piga nduru. Akikasirika, wacha akasirike akiwa hai."

Nikajifunza nduru. Nikaijua sana, hata wenzangu wakanibatiza Honi. Jumamosi tukienda Kikopey kula nyama choma, mtu akiangusha kisu tu wanasema, "Honi, mbona hujalia?" Nilicheka nao, na nduru sikuiacha. Nilimpigia dereva, nilimpigia mwenye lori, siku moja nilimpigia pasta aliyeingia chini ya basi la kanisa akiwa na suti.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shamba la maua kando ya ziwa Naivasha, karibu na Kamere. Hapo niliingia kama fundi nikatoka kama msimamizi wa karakana. Meneja alikuwa mtu wa karatasi, kila kitu aliandika, na siku ya kuniaga alisoma mbele ya watu wote kwamba hakuna mfanyakazi aliyewahi kuumia chini ya gari nililolisimamia. Nilijivuna. Leo nikikumbuka nilivyojivuna nasikia haya usoni.

Nilistaafu nikaja Njoro, kwenye ploti tuliyojenga na marehemu mume wangu. Binti yangu Nekesa ameolewa na Wafula, kijana mpole anayebeba maziwa na mboga kutoka mashambani hadi Nakuru mjini. Sasa, kwa wasiotujua sisi Wabukusu: mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono, hatukai meza moja, hatutazamani usoni kwa muda mrefu. Nikiwa na neno kwa Wafula, namwambia Nekesa, Nekesa anamwambia. Heshima si utumwa, tuliambiwa, na kweli miaka yote sikuiona kuwa mzigo. Nilimpenda yule kijana kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Wafula akanunua lori dogo la umeme. Jumamosi moja wakaja nalo kunisalimia. Liliingia ploti kimya kabisa, kuku hawakuinua hata kichwa. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linalia likifunga breki, na baada ya chakula cha mchana Wafula akatoa jeki yake, akavua shati, akaanza kazi papo hapo, karibu na tangi la maji. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua maharagwe. Hatua kama kumi na tano hivi kati yetu.

Alianza kuinua bila kuzuia magurudumu. Nikamwita Nekesa. "Mwambie mume wako aweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu."

Nekesa akaenda, akasema. Wafula akainua kichwa kidogo upande wangu, bila kunitazama, akayaweka. Nikaona jeki inaanza kuzama. Nikamwita Nekesa tena. "Mwambie aweke ubao chini. Udongo wa hapa ni wa uongo."

Akaweka ubao. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Mathe wako ako sharp, aki." Nekesa akacheka, akaingia ndani kumlaza mtoto.

Ndipo nikaona mengine mawili. Jeki hakuiweka karibu na gurudumu. Aliisukuma hadi katikati, kwenye bamba pana, bapa, lililofunika tumbo lote la lori. Na alipoondoa gurudumu, badala ya stendi akaleta jiwe. Jiwe la kujengea, kutoka kwenye lile rundo nililobakisha la choo kipya.

Mniulize nilifanya nini. Mimi, Honi. Nilichambua maharagwe. Nilijiambia: nimeshatuma mara mbili, nikituma ya tatu nitakuwa mama mkwe wa aina gani, anayemsimamia mkwe kama kibarua? Nilijiambia pia kwamba lori la umeme silijui, pengine lile bamba ni chuma cha kukanyagwa na dunia nzima. La bamba sikuwa na uhakika nalo. La jiwe nilikuwa na uhakika tangu nikiwa msichana. Nilinyamaza hata hivyo, nikingoja Nekesa atoke. Mtoto akakataa kulala, Nekesa hakutoka.

Wafula akalala chali, kichwa na mikono ndani ya tundu la gurudumu, miguu nje.

Nilichosikia kilikuwa mlio mdogo, mlio wa bati linalobonyea. Maharagwe yalimwagika, hilo nilikuja kuambiwa. Sikumbuki zile hatua kumi na tano. Nakumbuka vifundo vya miguu yake mikononi mwangu, vya moto, vyenye vumbi, na mimi navuta huku napiga nduru iliyosikika hadi barabarani. Bamba lilizama juu ya kichwa cha jeki, jeki ikalala ubavu, lori likashukia jiwe, jiwe likasimama kwa kufumba na kufumbua kisha likawa unga. Kichwa chake kilikuwa kimetoka. Kifua kilikuwa kimetoka. Mkono wa kushoto haukuwahi.

Nekesa alitoka akasimama mlangoni. Nikamwambia alete ubao wa kufulia wa kuweka chini ya jeki, na kile kiti kifupi cha mvule kiwe stendi. Mikono yangu ilifanya kazi bila mimi. Nikaitoa jeki, nikaiweka chini ya boriti la chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, kando kabisa ya gurudumu, nikapampu huku Wafula analia kwa sauti ya mtoto. Sikuangalia mkono. Ulipotoka niliufunga kwa kitenge changu nilichokuwa nimevaa, nikabaki na gauni la ndani mbele ya mkwe wangu, na majirani wakawa wameshafika.

Hospitalini Nakuru walimkata vidole vitatu.

Jumatatu fundi wa waliomuuzia lori alikuja, msichana mwenye miwani na glavu nene za mpira. Alituweka mbali kwanza, akanusa, akapima, akasema tuna bahati. Lile bamba lilikuwa mfuniko wa betri. Tumbo zima la lori ni betri, nzito kuliko injini yoyote niliyowahi kunyanyua, na ikitobolewa inaweza kuwaka moto usiozimika kwa maji ya ndoo. Akanionyesha mahali pa jeki: alama nne ndogo kwenye chesisi, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja ina mshale. Akanionyesha pia kwamba lori hili laweza kuwa limewashwa na usisikie chochote, kwa hiyo ufunguo unatolewa na kuwekwa mfukoni mwa yule anayeingia chini. Yote hayo yalikuwa kwenye kitabu. Kitabu kilikuwa ndani ya dashibodi, bado kwenye nailoni yake.

"Mathe, na wewe si ni mechanic?" msichana akaniuliza, kwa upole kabisa. Nikamjibu kwamba nilikuwa.

Siku hiyo hiyo shangazi yake Nekesa akapiga simu kutoka Bungoma. Nilidhani anaulizia mkono. "Ni ukweli ulimshika mkwe miguu?" akasema. "Na ukavua kitenge? Hiyo itataka mbuzi wa kutakasa." Nilikata simu. Sikuwahi kumkatia mtu mzima simu maishani mwangu. Baadaye nilimtafuta nikaomba msamaha, na mbuzi nitatoa, sina ugomvi na mbuzi. Mila zetu zimelea watu wema, Wafula mmoja wao. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia nimwache mtu afe kwa heshima. Hilo nilijiongezea mwenyewe, kibarazani, na sinia ya maharagwe magotini.

Watu hudhani ukistaafu kazi inabaki getini pamoja na kitambulisho. Mimi nilidhani hivyo. Nilidhani karakana ilikuwa mahali, na kwamba nikitoka hapo nimekuwa mama mkwe tu, na jicho langu limepumzika. Jicho halikupumzika hata kidogo. Liliona kila kitu kwa mpangilio ule ule niliofundishwa. Kilichostaafu ni mdomo.

Juzi Wafula alikuja peke yake. Nekesa hakuwepo wa kusimama katikati yetu. Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, mimi mlangoni, akauweka ule mkono uliofungwa bendeji juu ya goti. Kisha nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana nisingeweza kuendelea kuishi bila kulisema.

"Wafula, niliona. Jeki niliiona, na jiwe nililiona, kabla hujalala chini."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa analijua hilo siku nyingi.

"Najua, Mama. Nilikuona unaangalia," akasema. "Ndiyo maana niliingia. Ulinicorrect mara mbili, nikaweka mawe, nikaweka ubao. Halafu ukanyamaza. Nikajua sasa iko sawa."