Kilichobaki Chini ya Beseni

Mama yangu weee! Berthe alibaki kinywa wazi. Alikuwa anataka tu kumwaga maji aliyonawia mume wake. Kila jioni Damas huyamwaga mwenyewe, ila leo jirani alimwita nje akaliacha beseni uani. Maji yalikuwa yametulia, na chini kulikuwa na unga mweusi mzito wenye punje za kijani.

Mtaani kwao Panda hakuna mama asiyezijua punje zile. Ni za mashimo ya kuchimba shaba ya Kambove.

Sasa umjue huyu Berthe. Ndiye anayepika sabuni ya mikono, ya mafuta ya mawese na soda kali, anayoitia mchanga laini uliochungwa kwa kitambaa. Mafundi wa magari wanaijia mpaka mlangoni, naye anawatania: "Mikono gani hii? Munakulaka nayo?" Lakini hakuianza kwa ajili yao. Kaka yake, Fidèle, alifukiwa na shimo huko Kambove. Walipomtoa, Berthe ndiye aliyemwosha. Alisugua mikono ile, akasugua, weusi ukakataa kutoka kwenye kucha. Wakamzika hivyohivyo, na mpaka leo roho inamuuma. Mbele ya kaburi Damas aliapa kwamba yeye hataingia shimoni kamwe.

Tena Damas ni fundi wa garaji! Anarudi mweusi mpaka viwikoni, anasema ni grisi. Grisi gani inayozama, jamani? Grisi inaelea!

"Baba Jenny!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Kuja uone!"

Damas alikuja, akatazama beseni, asiulize kitu. Berthe akakaa chini palepale.

"Garaji ilifungwaka tangu Pasaka," Damas akasema polepole. "Nilikuwa na haya ya kukuambia. Watoto watakula nini?"

"Tangu Pasaka! Na miye nakupikia sabuni ya nguvu, nasema bwana yangu anatumika kazi sana! Mujinga miye!"

"Mama Jenny, najiangaliaka muzuri kule chini."

"Hata Fidèle alisemaka vile."

Berthe akainuka, akamwaga ule uchafu, akatia maji mapya, akachukua kipande cha sabuni. Alimkamata mikono, akaanza kusugua huku machozi yakimtoka.

"Siku watakuleta kama Fidèle, hii sabuni itaweza. Itatoa weusi yote, mpaka ndani ya kucha. Niliipikaka sababu ya ile mikono yake. Lakini sitaki, weye unasikia? Nataka nikuoshe ukiwa muzima, unanilalamikia maji iko baridi!"

Damas akaitazama mikono yake ndani ya mikono ya mkewe.

"Kesho siendi tena kule chini," alisema mwishowe. Kisha, sauti ikimkatika: "Maji iko baridi, Mama Jenny."