Ulimi wa Baba

Stendi ya Laela waliniambia ulimi ukikatwa huota tena kama mkia wa mjusi. Mimi, msomi wa shule ya jioni, nikaamini asilimia elfu. Saratani ilipomfanya baba akatwe nusu ya ulimi, niliitangazia Ufipa nzima kwamba mavuno ya ulezi yatamkuta anaongea kama redio.

Hospitalini Sumbawanga, mtaalamu wa matamshi, dada mmoja, alimwambia baba aandike sentensi, kisha aisome, mimi nikiwa nimewapa mgongo.

“Amesemaje, kaka?” dada yule akaniuliza.

“Anataka ugali!”

Nilipogeuka, baba alikuwa analia. Karatasini alikuwa ameandika: Mwanangu, umekonda.

“Ulimi utaota lini?” niliuliza.

“Hauoti, kaka. Mazoezi yatamsaidia, lakini kusema kama zamani, hatasema.”