Nilivyompata Mayu Kwenye Maji Moto

Harufu ya mayai viza huwafanya wengine wazibe pua, lakini mimi hunirudisha kwenye maji moto ya upande wa Meatu, likizo ile nilipokuwa darasa la tatu. Baba, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Bariadi kutoka Songea, alikuwa amemwoa Minza, binti wa Kisukuma kutoka Kasoli, baada ya mama yangu kufariki. Minza alikuwa mwema kwangu, ila kumwita mama sikuweza. Neno hilo lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amelala Songea. Nikawa bingwa wa kusema naye bila kumwita: chai imeiva, kuna mgeni mlangoni, baba anakuja. Asubuhi ya safari baba aliniambia kwa upole, "Leo mwite mama, mwanangu. Hata mara moja tu."

Tulikwenda kwa ajili ya magoti ya mama yake Minza, bibi mcheshi aliyesalimia hata ng'ombe wa watu kupitia dirisha la gari. Kwanza tulisimama kwenye maporomoko madogo, maji yakiruka juu ya mawe meusi ambayo, alisema baba, zamani yalitoka ardhini yakichemka, yakatiririka kama uji, kisha yakaganda. Mbele kidogo chemchemi zilifuka mvuke, na ardhi ilikuwa ya vuguvugu chini ya ndala zangu. Kwenye dimbwi la wanawake nilimkuta Minza akimsugua mama yake mgongo, nikaona heri nimalize kazi niliyopewa. Nikanyoosha taulo, nikafumba macho, nikasema, "Mama, shika." Taulo likachukuliwa. Nilipofumbua macho, aliyekuwa anajifuta uso ni bibi, akinishukuru kwa Kisukuma. Wanawake wote wakaangua kicheko, nami nikaangua kilio, maana neno nililolitoa kwa shida vile lilikuwa limepotea njia. Minza alitoka majini akanikumbatia hivyo hivyo alivyolowa. "Usilie. Kwetu sisi, mama ni bibi," alisema. "Mimi niite mayu tu, kama ninavyomwita huyu aliyenizaa. Mama yako abaki mama yako." Sijawahi kupumua vile. "Mayu," nikamwambia papo hapo, "maji yanaunguza?" Wakati wa kurudi nilimwita mayu kwa kila jambo na bila jambo, mpaka baba akaomba tumwache aendeshe gari kwa amani.

Siku hizi barabara ya kule ni nzuri, watu wanapiga picha ya mvuke na kuondoka kabla miguu haijalowa. Baba na bibi wametangulia mbele ya haki. Mayu ninaishi naye Lagangabilili, na sasa magoti yanamsumbua yeye. Watoto wa majirani husema bibi, kama wanavyofundishwa shuleni, lakini binti yangu, aliyelelewa mgongoni kwa Mayu, amekataa katakata. Mimi ananiita mayu, bibi yake anamwita mama. Neno ambalo sikuweza kumpa, mwanangu amempa. Nikilisikia nikiwa jikoni namkumbuka marehemu mama yangu, na huwa nasimama kidogo na mwiko mkononi, nikisubiri Mayu aitike.