Bi Subiri na Sanduku la Taa

Ukisikia mtu anaitwa Bi Subiri unaweza kudhani ni mpole. Si mpole hata kidogo. Jina hilo alilipata kwenye simu. Kwa miaka kumi na tisa alikaa katika chumba kidogo nyuma ya kaunta, kwenye ofisi yetu ya kusajili vizazi na vifo, mbele yake ubao wa matundu na kamba. Kila aliyepiga alijibiwa neno moja: "Subiri." Anachomoa kamba hapa, anachomeka pale, na kabla hujamaliza kukohoa unaongea na mtu uliyemtaka.

Mimi ni mtu wa masijala. Kila mtumishi ana jalada lake kwangu, kila barua ina namba ya ukurasa, na sipendi kuona kitu kimekaa ovyo. Ukiacha kiti upande nitakinyoosha ukiwa bado umekikalia. Wenzangu wakanipa jina la Bwana Nyoosha, nami sikukasirika, kwa sababu ofisi ile bila mimi ingekuwa jalala.

Mwaka jana mkuu wa ofisi aliung'oa ule ubao wa simu akaleta mtandao wa kompyuta. Mahali pake likawekwa sanduku jembamba la chuma lenye matundu ishirini na manne na vitaa vya kijani. Wanaliita swichi, ingawa haliwashi feni wala halizimi taa. Pembeni yake kuna kisanduku kingine, ruta, ambacho ndicho mlango wa kutokea nje ya ofisi. Nyaya za bluu zikapita ukutani hadi kwenye meza saba, kila moja na kompyuta yake.

Sote tulijua Bi Subiri ataambiwa akapumzike. Yeye akapanda ngazi hadi kwa mkuu, akamwambia kuunganisha watu ndiyo kazi aliyozeekea, basi afundishwe. Mafundi wakamfundisha siku nne, wakaondoka, wakamwachia chumba na ufunguo.

Nilijaribu kumwomba anielimishe. Bora nisingeuliza.

"Bi Subiri, hili dude linafanya nini hasa?"

"Linafanya nilichokuwa nafanya mimi. Kila kompyuta ina namba yake. Swichi inakumbuka namba ipi iko tundu lipi. Karani akituma kitu, inakipeleka kwenye tundu la mwenyewe tu."

"Na kama haimjui mwenyewe?"

"Inawauliza wote kwa mpigo. Mwenyewe anaitika, wengine wananyamaza."

"Anaitika nani? Kompyuta?"

"Bwana Nyoosha, nenda kapange majalada yako."

Nikaenda. Kichwa kilikuwa kinaniuma.

Jumatatu moja asubuhi niliingia chumbani mwake kuchukua ngazi yangu ya kufikia rafu za juu. Ngazi huwa inakaa mle, ndiyo maana funguo za chumba ni mbili, wake na wangu. Nikaona waya mfupi umechomekwa kwenye swichi upande mmoja, upande wa pili unaning'inia hewani. Nikajiambia, hawa mafundi wa siku hizi, kazi nusu nusu! Nikatafuta tundu tupu, nikauchomeka ule upande uliobaki. Ukalia tik. Nikarudi nyuma hatua moja, nikalitazama sanduku, nikaridhika nalo. Kisha nikabeba ngazi yangu nikaenda zangu.

Muda si muda karani wa vizazi akaanza kugonga kibodi kwa ngumi. Kompyuta zote saba zilikuwa zimeganda. Kaunta imejaa akina mama na watoto mgongoni, wanataka vyeti, na hakuna cheti kinachotoka. Bi Subiri akakimbilia chumbani, nami nyuma yake. Vile vitaa vilivyozoea kupepesa kwa zamu sasa vilipepesa vyote kwa pamoja, kasi ya ajabu.

"Mbona afadhali," nikasema. "Si inachapa kazi?"

Alinitazama kwa jicho ambalo ningependa lisinitazame tena.

Akazima sanduku, akaliwasha. Kompyuta zikaamka, karani akashangilia, na kabla hajafunga mdomo zikaganda upya. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Kila mtu alikuwa na nadharia yake. Mmoja alisema ni mvua, mwingine umeme, mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba Bi Subiri ana watu wanaomwonea kijicho. Jumatano karani wa vifo alipanda darini kusaka panya wanaokula nyaya. Alishuka na kiatu kimoja cha kike, ambacho mpaka leo hakijapata mwenyewe. Mimi nilizunguka nikichungulia nyuma ya meza zote nisione kasoro. Kila waya ulikuwa umechomekwa vizuri. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi: kila kitu mahali pake, na hakuna kinachofanya kazi.

Mkuu akashuka. "Bi Subiri, Ijumaa saa sita mchana. Ukishindwa, Jumatatu namleta kijana mwenye cheti cha mambo haya, na wewe nitakuandikia ustaafu wa mapema."

Bi Subiri alikuwa amebakiza miaka miwili tu. Nyumbani ana mama mzazi ambaye hainuki kitandani, na hakuna mwingine anayeingiza chochote mle ndani. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na namwomba Mungu aniamini katika hilo.

Alhamisi alasiri akaniita nimshikie tochi.

"Nafanya kama zamani," akasema. "Mstari ukinisumbua, natoa kamba zote, narudisha moja moja."

Akachomoa nyaya zote. Vitaa vikafa. Akarudisha ule wa ruta, kisha wa meza ya kwanza, akapaza sauti: "Vizazi!"

"Napata!" karani akajibu.

"Vifo!"

"Tupo hai!"

Ziliporudi zote saba, vitaa vilikuwa vinapepesa kwa zamu yao, taratibu. Bi Subiri akainama kuokota kilichobaki sakafuni. Alikuwa ameshika ncha mbili mikononi, moja kulia, moja kushoto, akazifuata kwa vidole mpaka vidole vikakutana. Waya ulikuwa mmoja. Akakaa chini pale pale.

"Ncha zote mbili zilikuwa ndani ya swichi," akasema. "Swichi inauliza swali matundu yote. Swali linaingia huku, linatokea huku, swichi inadhani ni swali jipya, inauliza tena. Siku nne ni hilo tu linazunguka. Nani angepata nafasi ya kusema?"

Sikuelewa yote, lakini nilielewa ya kunitosha.

"Huu ni waya wangu wa kupimia. Niliuacha ncha moja nje. Nani kauchomeka?"

Nilitafuta ulimi wangu. Nilipoupata, ukasema, "Labda panya."

Akauviringisha ule waya mkononi. "Labda," akasema.

Ijumaa mkuu alitukusanya kabla ya saa sita. Akataka kujua chanzo.

"Waya wangu wa kupimia, nilikosea kuuacha pale," Bi Subiri akasema.

"Aliyeuchomeka ni nani?"

"Chumba ni changu, mzee. Waya ni wangu."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kimya kama maji mtungini. Mkuu akasema hatamstaafisha, kwa kuwa Bi Subiri amelipata jibu, lakini siku nne za usumbufu wa wananchi haziwezi kupita bila karatasi.

Saa nane karatasi ikashuka masijala. Onyo la maandishi, liingizwe jaladani. Nikalifungua jalada la Bi Subiri. Barua ya ajira, likizo, pongezi mbili, likizo tena. Miaka yote hiyo hakuna doa, na doa la kwanza lilikuwa linangoja mkono wangu. Ndipo nikakumbuka kwamba funguo ni mbili, nikatambua kwamba yeye alikumbuka hilo kabla yangu.

Nikaichukua ile barua, nikapanda ngazi.

"Mzee, barua hii imekosea mwenyewe," nikasema, na nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliuchomeka kwa nini?"

"Ulikuwa unaning'inia, mzee."

Hakujua acheke au afoke, na mimi pia sikujua. Akaichana barua ya Bi Subiri, akaandika nyingine yenye jina langu. Niliitoboa mwenyewe matundu mawili, nikaipa namba ya ukurasa, nikaiingiza kwenye jalada langu mwenyewe.

Kisha nikaenda kugonga mlango wa chumba kidogo. Nikamweleza yote, na Mungu anisamehe, nilitegemea kushukuriwa.

"Jana nilikuuliza," Bi Subiri akasema. "Nilikaa sakafuni nikakuuliza, na wewe umenishikia tochi."

Akageukia vitaa vyake. Nikaurudishia mlango, nikarudi masijala.