Kadogo Kumi na Mmoja

Upuuzi nilioufanya kwanza ni huu: niliandika orodha ya watoto aliowalea mama yangu, na palipotakiwa jina nikaweka "Kadogo wa kwanza", "Kadogo wa pili", mpaka wa kumi na mmoja. Chini, penye cheo cha mwenye nyumba, nikaandika "Komanda". Nikacheka peke yangu, nikajiona nina akili kumshinda mwalimu wetu wa Kifaransa, jambo ambalo si gumu sana.

Wale watoto hakuwazaa yeye. Alinizaa mimi tu, na husema nilimtosha. Walikuwa wa wamama waliovuka daraja kila asubuhi kuuza nyanya na mchele wa Bugarama kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Kwa sababu ya vita, mtoto mgongoni alikuwa maswali mpakani: wa nani, anapelekwa wapi, karatasi yake iko wapi. Basi waliwaacha kwetu, kwenye mkeka, mama akawapa uji. Kisha ofisi ya sekta, yaani serikali ya mtaa wetu, ikatangaza kwamba anayelea watoto wa watu nyumbani ajiandikishe, la sivyo afunge. Mama akifunga, wamama wale wangebaki nyumbani wakitazama nyanya zikioza.

Mama hakuipenda karatasi ya sekta. Hajui kusoma, lakini aliigeuza mbele na nyuma kama anayekagua noti bandia.

"Majina ya batoto banataka ya kufanya nini?"

Wamama nao walikataa kuyatoa. Kwetu, tangu watu walipotafutwa kwa orodha na kuuawa, majina yakipangwa kwenye karatasi, watu husogea karibu na mlango. Hakuna aliyenieleza sababu, na hakuna aliyehitaji kunieleza. Mmoja aliniambia, "Andika tu mutoto." Ndipo nikaandika kadogo. Si ni kitu kidogo?

Ila ng'ambo, tangu vita vianze, kadogo ni mtoto aliyepewa bunduki. Nilijua. Ndiyo maana nilicheka. Mama akaweka kidole gumba chini ya utani wangu, nami nikaipeleka ofisini. Nilichokuwa sijui ni kwamba karani wa sekta hachekagi.

Alikuja Jumatano na askari wawili. Mama alikuwa anakoroga uji.

"Maman, bakadogo beko wapi?" askari mmoja aliuliza, angali mlangoni.

"Banani?"

"Bakadogo. Kumi na mumoja. Na weye njo komanda wabo. Tumesoma."

Mama alinitazama mimi kabla ya kumtazama yeye. Ananijua. Kabla sijafungua mdomo, watoto wakaona magwanda, nao wakafanya kile nilichokuwa nimewafundisha mchana mmoja wa mvua: waliojua kusimama wakasimama mstari mmoja, wakapiga saluti. Mdogo kuliko wote alipiga kwa mikono miwili, akaanguka.

Askari hawakucheka. Mmoja akainua shuka ya kitanda kwa mtutu wa bunduki. Chini alikuta poti ya watoto, na haikuwa tupu.

"Nani aliwafundisha hii?" karani akauliza. Mama akaendelea kukoroga. "Sawa. Maman, acha uji. Utatufuata ofisini."

Hapo utani ukaniisha. "Ni miye, Mzee. Saluti ni miye, na maandishi ni miye. Yeye hajui kusoma."

Karani alinichunguza kama anatafuta mahali nilipoficha risasi.

"Kesho, mbele ya saa sita," akamwambia mama, "nataka majina ya kweli. Ya mutoto na ya mama yake. Bila hiyo hakuna muhuri, unafunga. Na tutarudi."

Kurudi kufanya nini, hakusema.

Jioni wamama waliporudi, mama aliwaeleza yote. Hakuna aliyeketi. Mmoja alianza kumfunga mtoto wake mgongoni.

"Tangu lini ofisi inapenda batoto?" akasema.

"Leo jina," akasema mwingine. "Na kesho?"

"Na weye, Maman," wa tatu akasema, akininyooshea kidole, "huyu wako eko ku liste? Ao ni betu tu?"

Macho yote yakanigeukia. Kwa kweli sikuwemo kwenye orodha. Mama naye akawa kama ameliona jambo hilo sasa hivi. Akaiweka mezani karatasi mpya aliyoiacha karani, akanisukumia kalamu.

Muhuri ulipigwa kesho yake saa nne, kwa sababu wamama walitoa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, huku wakitazama mlango. Waliyatoa baada ya kusikia maneno aliyoniambia mama, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Andika jina yako ku namba moja. Ile karatasi ikikuja siku moja kutafuta batoto ya batu, ikukute weye kwanza."