Niliwaambia Watafute Sentahafu

Chumba nilichowekwa ndani kilinuka mpira. Simaanishi kingine, ni mpira wenyewe, ule wa ngozi wenye kamba ya kufungia mdomo, uliotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda changu, umepakwa mafuta ya kondoo ili usikauke. Ulikuwa mali ya klabu yetu ya Nyuki, na baba yangu, mwenyekiti wa klabu, hakumwamini mtu mwingine kuulaza kwake. Harufu ile ya ngozi na shahamu ilichanganyika na liwa niliyopakwa mwilini kila asubuhi, mpaka leo nikisikia liwa harusini natazama mpira uko wapi. Nilikuwa nimevunja ungo. Kwetu Temeke, wakati huo wa Mwingereza, msichana wa Kizaramo akivunja ungo alitiwa chumbani, dirisha likazibwa kwa gunia, akakaa humo mpaka apatikane wa kumwoa. Hatoki, haonwi na wanaume, hapazi sauti. Akitaka kitu anamnong'oneza kungwi wake, na kungwi ndiye anayesema nje. Kungwi wangu alikuwa shangazi Mwanahawa, dada wa baba, kwa sababu mama alikwisha kuachwa na kurudi kwao Kisarawe. Kila Jumapili alasiri shangazi aliingia, akautungua mpira, akaenda kuwakabidhi wachezaji mlangoni. Mpira unatoka, mie nabaki. Wallahi niliuonea wivu.

Msidhani nilikuwa mtoto wa jikoni nisiyejua kitu. Baba hakupata mtoto wa kiume, na kabla sijawa mwali alinichukua uwanjani kila mechi, kwanza mabegani, baadaye nikitembea nyuma yake nimeshika kanzu. Kiwanja chetu kilikuwa cha mchanga, nyuma ya mikorosho. Wachezaji walicheza pekupeku, wengine wamejifunga vitambaa vifundoni, na siku za jua kali mchanga uliwachoma mpaka wakawa wanaruka kama wanacheza ngoma. Nilimjua kila mmoja kwa mguu wake. Golikipa wetu alikuwa na mikono mikubwa na moyo mdogo. Ukimpigia kelele tu anafumba macho. Mawinga walikuwa na mbio za kutosha. Aliyeishika timu nzima alikuwa sentahafu. Kwa nyie mliozoea kutaja namba, sentahafu ni yule mtu wa katikati, mbele ya mabeki, anayezuia ya kwao na kuanzisha ya kwetu. Wetu alikuwa mtu mzima mmoja wa Rufiji, hana mbwembwe hata kidogo, na watu walikuwa hawamshangilii. Masika yale yale niliyowekwa ndani, alirudi kwao kulima, hakuonekana tena. Hakuna aliyemuaga. Mie peke yangu nililia, na shangazi akadhani nalilia uhuru wangu. Basi nililia vyote viwili.

Humo ndani nilijifunza kutazama mpira kwa masikio. Upepo wa alasiri ulileta kelele zote za uwanjani, nami nililala chali juu ya mkeka nikisikiliza. Watu wetu wakishambulia, kelele zilipanda polepole kama maziwa yanayochemka. Tukishambuliwa, zilikatika ghafla, maana watu wote wanashika vichwa kwa pamoja. Tangu mtu wa Rufiji aondoke, kukatika kule kulikuwa hakuishi. Nilijua bila kuambiwa kwamba mpira unapita katikati yetu na hakuna wa kuugusa. Jioni shangazi ananiambia tumefungwa, namwambia najua. Niliumwa na mgongo kwa kulala, niliumwa na macho kwa giza, nikanona kama kuku wa sikukuu kwa vyakula walivyonishindilia, lakini kilichonitesa zaidi ni kulijua tundu liko wapi na kushindwa kulitaja.

Kamati ilikuwa inakaa barazani kwetu. Kuta za nyumba ile ya udongo hazikufika kwenye makuti, kwa hiyo neno likisemwa barazani lilipanda juu na kuniangukia kitandani. Baba alikuwa mnyapara wa makuli bandarini, na ndiyo iliyokuwa siri ya kuijenga timu: kijana akitoka bara au Kilwa na ana mguu, baba anamtia kwenye genge lake, anamtafutia chumba, basi keshakuwa Nyuki. Shida ilikuwa kumshika. Watu wa Kinondoni, mahasimu wetu, nao walikuwa na mnyapara wao. Siku moja nikamsikia Fundi Kassim, mshona jezi zetu, mtu mwenye sauti ya kuuza samaki, akisema, "Mie nasema tumlete Ramadhani wa Tanga. Yule ni sentafowadi bwana! Anafunga hata akiwa na homa." Baba akajibu, "Kumleta si kazi. Hao jamaa watampa baiskeli, kesho utamsikia yuko kwao." Fundi Kassim akacheka. "Si mwoze! Akiwa na mke Temeke, mkwewe ndiye bosi wake kazini na ndiye mwenyekiti wake, atakwenda wapi? Tena wewe una mwali ndani, unahangaika nini?" Nilikuwa natafuna muhogo. Ulinikaa kooni nikashindwa hata kukohoa, maana mwali hakohoi wanaume wakasikia. Nikangoja baba akasirike. Baba akasema tu, "Tutazame kwanza."

Huyo Ramadhani nilikuwa nimemwona. Timu yake ilikuja kucheza kirafiki mwaka wa nyuma, nami nilikuwa pale nimeshika kanzu ya baba. Kaptula yake imepigwa pasi, nywele kazipaka mafuta. Alifunga, sikatai. Lakini alisimama mbele kama mtu anayengoja kuletewa chai. Mpira ukipotea harudi hata hatua moja. Mwenzake akiwa peke yake mbele ya goli hamwoni. Akifunga hamtazami aliyempa pasi, anawatazama wanaomtazama. Nilijiambia kwamba mtu aliye hivyo uwanjani ndivyo alivyo nyumbani. Nikamwona kaketi anangoja chai, nami ndiye wa kuileta, miaka yote. Halafu nikaingiwa na hasira ya pili: timu ina tundu katikati, nyie mnaongeza mtu mbele! Mpaka leo sijui hasira ipi ilikuwa kubwa, ya kuozwa mtu yule au ya kuona timu inajengwa ovyo.

Nikamvuta shangazi Mwanahawa, nikamnong'oneza, "Nenda kawaambie mbele hapana tatizo. Katikati ndiko kulikotoboka. Watafute sentahafu."

"Toba! Mwali anapanga timu?" akaniziba mdomo. "Nyamaza kabla sijakufinya. Unanitafutia balaa na kaka yangu."

Sikunyamaza mpaka nimemtajia na sifa za mtu mwenyewe, na shangazi neno halikumkaa tumboni, lilikuwa likimwasha kama upupu. Siku ya pili alipopeleka kahawa barazani nikamsikia, "Haya, mwali wenu anawasalimu. Anasema huyo wa Tanga atafunga mawili na nyinyi mtafungwa manne. Anasema mtafute sentahafu. Awe mrefu wa kuzuia mipira ya juu, asiwe na madaha, asichoke kurudi nyuma, na asiwe mtu wa maneno mengi." Walicheka wale watu! Fundi Kassim alipaliwa na kahawa. Mie nimejikunja ukutani, nasikiliza kicheko kimoja tu, cha baba, na sikukisikia. Baba hakucheka.

Ramadhani akaletwa kwa majaribio, na mechi yake ya kwanza ikawa na hao hao wa Kinondoni. Jumapili ile sikulala kwenye mkeka. Nilisimama, nimeegemeza shavu kwenye gunia la dirishani. Kelele zikapanda, zikapasuka: kafunga. Nikafunga macho. Nilikuwa nimeomba timu yangu ishindwe, na kwa mtoto wa mwenyekiti wa Nyuki ile haikuwa dua nyepesi. Zikapasuka tena: kafunga la pili. Nikajua nimekwisha. Kisha zikaanza kukatika. Zikakatika, zikakatika, zikakatika, mpaka nikasikia watu wanarudi nyumbani mapema wakitukanana. Shangazi aliingia mbio, kanga inamdondoka, akanikumbatia: "Tumefungwa kama ulivyosema, mchawi wewe!" Nilicheza kwenye chumba kile bila ngoma na bila sauti, nikapiga vigelegele tumboni. Juma lile lile Kinondoni walimpa Ramadhani baiskeli, akaenda nayo, na mie nikala chakula vizuri kwa mara ya kwanza tangu nianze kunenepeshwa.

Baba naye hakukaa. Alikuwa akitoka bandarini anapita vilabu vyote vya vitongojini, Mbagala huko, Msasani kwa wavuvi, anatazama watu wa katikati tu. Mwisho akampata miguuni pake, kwenye genge lake mwenyewe: Saidi, Mngindo kutoka huko kusini, alikuwa akibeba magunia kimya kimya hata baba hakujua kama anacheza. Jumapili aliyoingia uwanjani nilimtambua kabla shangazi hajarudi na habari. Kelele hazikukatika. Zilianza kushuka, halafu zikasimama, halafu zikageuka na kupanda upande wetu. Kila mara hivyo hivyo. Mtu fulani kasimama mahali nilipotaka asimame. Jamani, furaha ile siwezi kuieleza. Nilikuwa gizani, nimefungiwa, hakuna anayenijua jina, na uwanja mzima unakwenda kwa ushauri wangu. Tulishinda wiki ile, tukashinda zilizofuata. Kila aliporudi nilimhoji shangazi: anarudi nyuma? Anarudi. Ana madaha? Hana. Anasema? "Hata salamu anaitoa kwa taabu," shangazi akasema. Nikacheka, nikasema basi ndiye.

Kinondoni wakaanza kumzungukia Saidi. Hilo nililisikia kama nilivyokuwa nasikia kila kitu, nimelala chali, maneno yakiniangukia kutoka kwenye makuti. Walishamtumia mtu, walishamwonyesha chumba. Kisha baba yangu, yule ambaye hakucheka, akasema taratibu kabisa, "Nitampa binti yangu." Fundi Kassim akapiga kofi la paja. "Ala! Na si ndiye aliyemchagua? Mrefu, hana madaha, hana maneno. Alikuwa anatuagizia mume, sie tunadhani anatuagizia sentahafu!" Safari hii baba alicheka. Walicheka wote, kwa upendo hata, kama watu waliomaliza kazi vizuri. Nikataka kupiga kelele kwamba nilisema habari za mpira, mpira tu. Shangazi akaingia, akaniona, akaketi kitandani. Alinung'unika kidogo kwamba Mngindo si mtu wa kwetu, kisha akasema, "Sasa mwanangu, nitawaambia nini? Maneno niliyapeleka mie mwenyewe."

Kwa hiyo nilitolewa ndani kwa vigelegele, nikapitishwa barabarani nimefunikwa, nikaingizwa ndani ya chumba kingine nyumba chache mbele. Sitamsingizia marehemu. Saidi alikuwa mtu mwema, hakunipiga, hakuleta mke wa pili, na kamati ilifanya hesabu yake sawasawa: hakwenda Kinondoni wala kwingineko, alicheza Nyuki mpaka goti lilipokataa. Jumapili jioni alirudi na mchanga masikioni, nami namkanda miguu kwa maji ya chumvi, namwambia leo kipindi cha pili mlirudi nyuma mno. Anashtuka, ananiuliza nani kakwambia. Mwaka wa kwanza nilimwomba anipeleke nimtazame, hata kwa mbali, hata kwenye mikorosho. Akanijibu kwa upole, "Uwanjani kuna wahuni, mke wangu. Wewe kaa." Kwa ukali ningegombana naye. Kwa upole ule nikakaa. Watoto walipokua na nyakati zikabadilika, hata wanawake wakawa wanakwenda mpirani na vitambaa vya klabu kichwani, yeye alikuwa keshaacha, ananitumia mie nimnyooshee mguu asubuhi.

Siku hizi msimu wa usajili ukifika, nyumba yangu haikaliki. Wajukuu wanagombania redio, televisheni na simu, huyu kaja, yule kaondoka. Nawaambia klabu zenu hazijifunzi, wanajaza mafowadi na katikati pako wazi, wananicheka kama kamati ilivyonicheka. Mchezaji wa leo anakaa kwenye kiti, anatia sahihi yake mwenyewe, ana wakala wa kumsemea, na asipopataka mahali anasema sipataki. Nawatazama wanavyoshika ile kalamu. Mjukuu wangu mmoja wa kike anacheza timu ya wasichana ya shule, katikati hapo hapo, mrefu kama babu yake. Juzi alirudi na viatu mkononi, akaketi karibu yangu, akaniuliza, "Bibi, watu wanasema babu alikuwa sentahafu hasa. Alikuwa anachezaje?" Temeke nzima ya rika langu ingeweza kumjibu. Hata watu wa Kinondoni wangemjibu. Nikamwambia ukweli: "Sijui, mwanangu. Mie sikuwahi kumwona."